Sindano ya Gati Ryoba

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai wala kusalimiana na mtu, Gati Ryoba alitunga uzi kwenye sindano. Si kwamba alikuwa na haraka ya kushona. Alisimama mlangoni pa kibanda chake karibu na soko la Musoma, akageukia jua linakotoka, akafumba jicho moja, akaulenga uzi kwenye tundu. Ukipita mara ya kwanza, mambo yalikuwa shwari: alichomeka sindano kwenye kola ya gauni lake, akafunua cherehani, akaanza kuchokozana na wateja. Usipopita, siku hiyo wateja walimkuta mtu mwingine kabisa. Majirani walidhani ni mazoea ya ufundi tu, maana kila fundi ana lake. Hawakujua kwamba yule mwanamke alikuwa anajipima, na kwamba alikuwa amejipima hivyo kwa miaka tisa, Krismasi na Pasaka zikiwemo.

Kwao Gati ni upande wa Butiama, kwenye mji wa mzee Ryoba, babu yake. Mzee huyo alifariki mwaka 1959, miaka minne kabla Gati hajazaliwa, na alifariki vibaya. Alipokuwa na miaka arobaini hivi mikono yake ilianza kucheza yenyewe. Ikafuata shingo, ikafuata miguu, akawa anapepesuka njiani wakati pombe alikuwa ameiacha tangu abatizwe. Mwishoni kijiko cha uji hakikufika mdomoni mpaka mkewe akishike. Watu walisema amerogwa. Wengine walisema alikula kiapo cha uongo juu ya ng'ombe wa mtu, na wakamtaja hadi mwenye ng'ombe, ambaye masikini alikuwa hajui lolote.

Baada ya hapo pakawa kimya miaka ishirini na zaidi. Gati alikua, akamaliza darasa la saba, akaenda Musoma kujifunza cherehani kwa masista, tena wakati uleule ambao nguo zilipotea madukani. Ndiyo ile miaka ya kupanga foleni tangu alfajiri kwa mche mmoja wa sabuni, na kitambaa ukikipata unakificha hata kwa jirani. Gati alishona magauni kwa magunia ya unga, akageuza mapazia kuwa suruali. Mitumba iliporuhusiwa na marobota yakaanza kushushwa Musoma, wenzake walilia kwamba ufundi umekufa. Yeye alicheka. Makoti ya watu wenye matumbo yale, nani atayavaa bila kupunguza? Akawa fundi wa kupunguza, na jina lake likavuma hadi Bweri.

Kisha mwaka 1985 shangazi yake Marieta, binti wa Ryoba aliyeolewa Bunda, akaanza kuangusha vikombe. Mwanzoni walisema ni udhaifu wa njaa, walisema ni ule unga wa njano wa msaada. Bibi Dafroza, mjane wa Ryoba, akafunga safari hadi Bunda kumtazama binti yake, na Gati akafuatana naye. Bibi alikaa, akaiangalia ile mikono ikicheza juu ya mapaja, akasema, "Ni ya baba yake," akatoka nje. Hakusema zaidi, siku ile wala baadaye. Gati alikuwa na miaka ishirini na miwili na alielewa vizuri sana. Kitu cha nyumba ya Ryoba kimerudi, na yeye ni wa nyumba ya Ryoba. Asubuhi iliyofuata alitunga uzi kwenye sindano, kuona kama mkono wake bado ni wake.

Sasa mletee mtu huyo mchumba, uone kazi.

Mchumba mwenyewe aliitwa Florian, mtu wa Suguti, fundi wa mashine za boti. Siku hizo viwanda vya sangara vimefunguliwa na kila mwenye mtumbwi anataka mashine, kwa hiyo Florian hakukosa kazi. Alikuja kwa Gati mara ya kwanza mwaka 1990, kupunguza koti. Akarudi kulipunguza tena. Aliporudi mara ya tatu koti lilikuwa limebaki kizibao, ndipo Gati akamwambia, "Kaka, si useme tu unachotaka? Tukiendelea hivi utakuwa unavaaga kola peke yake." Akasema. Gati akakataa. Mwaka uliofuata akasema tena, Gati akakataa tena, kisha akaenda nyuma ya kibanda akalia hadi kamasi, maana alimpenda yule mwanamume kupita kiasi. Lakini aolewe vipi? Azae watoto, siku moja wamkute anamwaga uji, halafu nao waanze kutunga sindano asubuhi? Sababu hakumwambia. Familia yenye jambo kama lile hailitangazi.

Jumatatu moja ya Septemba mwaka 1994, Florian alifika kibandani kofia iko mkononi. "Gati, mama amezeeka na mimi nazeeka vibaya," alisema. "Jumapili baada ya misa nakuja kukuuliza mara ya mwisho. Ukikataa sikuchukii. Ila sirudi tena." Gati aliitikia kwa kichwa, akajifanya anatafuta kifungo sakafuni. Kesho yake asubuhi uzi ulimshinda mara nne.

Jumatano yake Danford, mtoto wa shangazi Marieta, alimleta mama yake Musoma kwa lori la pamba analoliendesha, ampeleke hospitali. Gati akafunga kibanda akawasindikiza. Walitegemea kupewa vidonge vya kutuliza mwili kama siku zote na kurudi. Badala yake walimkuta daktari mpya, Daktari Leodgar, mtu wa Bukoba, mwembamba, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala kwa sababu ya kusoma. Alimwambia Marieta atoe ulimi aushikilie nje. Ulimi ulitoka, ukarudi ndani wenyewe. Akampa vidole viwili avikaze, na mkono wa Marieta ukavikaza na kuvilegeza, ukavikaza na kuvilegeza.

"Daktari, unakamuliwa," alisema Marieta. Maneno yake yalikuwa yanatoka kwa kukatika, lakini utani ulikuwa haujamtoka.

"Ndiyo, mama! Ndivyo hata vitabu vinavyosema, mkono unakamua!" Daktari aliinuka kitini. "Huu ugonjwa una jina. Unaitwa Huntington."

"Si uchawi?"

"Si uchawi, si kiapo, si pombe. Ni wa kurithi. Na mwaka jana, mama, mwaka jana tu hapa, wataalamu wamepapata mahali penyewe ulipojificha mwilini. Wamehangaika nao miaka kumi!"

Ungemwona ungedhani yeye ndiye aliyepapata. Aliiona sindano kwenye kola ya Gati, akamgeukia kama aliyepata mtu wa kuongea naye. Kila mtu, alisema, amepewa michoro miwili ya kukatia mwili wake, mmoja wa baba na mmoja wa mama. Mahali fulani kwenye mchoro pana mshono mdogo unaorudiwa. Kwa watu wengi unarudiwa mara ishirini hivi, nguo inakaa sawa. Kwa mwenye ugonjwa umerudiwa mara arobaini na kupita. Miaka ya ujana hauonekani, kisha nguo inaanza kuvutika mpaka inaharibika. "Mgonjwa ana mchoro mmoja mzima na mmoja wenye kasoro. Mtoto anapewa mmoja tu kati ya hiyo. Ni kurusha shilingi, kichwa au mwenge."

"Na aliyepewa ule mzima?" aliuliza Gati.

"Amepona, na wanawe wamepona. Hauruki kizazi. Huwezi kumpa mtoto usichokuwa nacho."

Danford alikuwa amesimama dirishani. Daktari akachukua karatasi, akaanza kuuchora ukoo, miraba kwa wanaume, miduara kwa wanawake, na waliougua akawajaza wino. Ryoba akawa mraba mweusi. Marieta akawa mduara mweusi, chini yake Danford, mraba mtupu wenye alama ya kuuliza. Kisha akamtazama Gati.

"Na wewe ni nani hapa?"

"Mimi ni mjukuu wa Ryoba."

Akachora mraba pembeni ya Marieta, akashusha mstari hadi mduara wa Gati. "Huyu ndiye baba yako, kaka yake mama hapa. Alianza kutetemeka akiwa na miaka mingapi?"

"Hakutetemekaga."

"Vizuri sana! Alifariki na miaka mingapi?"

"Hajafa."

"Yuko hai! Bora zaidi. Ana miaka mingapi sasa?"

Gati alimtazama Danford, Danford akatazama nje.

"Hajazaliwa," alisema Gati.

Daktari aliweka kalamu mezani.

Ikabidi aelezwe, maana huko kwao Bukoba jambo hilo hawalijui. Bibi Dafroza alizaa mtoto mmoja, Marieta, basi. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume inakufa, na ng'ombe wanakwenda kwa shemeji. Bibi hakuwa mtu wa kuwaachia shemeji hata kinyesi cha ng'ombe. Alipomwoza Marieta, akachukua ng'ombe wale kumi na wawili wa mahari, naye akaoa. Ndiyo, bibi alioa, kwa mila ya nyumba ntobhu. Alimwoa msichana aitwaye Getruda kwa jina la mtoto wa kiume ambaye hakumzaa, akamtafutia mwanamume wa kuja na kuondoka. Getruda akamzaa Gati, na Gati akawa mjukuu wa Ryoba kwa haki zote. Miaka tisa baadaye Getruda alifariki katika uzazi wa pili, na mtoto wake naye. Kwa hiyo nyumba nzima ya Ryoba ikabaki kwa Gati.

"Sawa," alisema daktari taratibu. "Sasa nani alikuzaa?"

"Ng'ombe ndio baba yangu." Ndivyo alivyofundishwa kujibu. Alipokuwa na miaka saba aliwahi kuuliza, bibi akamchapa na mwiko wa ugali, akakoma.

"Dada yangu, ng'ombe nawaheshimu sana. Lakini ule mshono unapita kwenye damu tu. Haujui mahari, haujui jina, haujui shamba ni la nani."

Unaweza kumcheka Gati. Mwanamke mwerevu vile, miaka tisa anatunga sindano, na jibu liko kwenye historia ya mama yake! Lakini usimcheke haraka. Alirithi shamba la Ryoba, jina la Ryoba, ng'ombe wa Ryoba, hata ugomvi wa mpaka ambao Ryoba aliuacha kwa jirani. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kati ya vitu vyote vya nyumba ile kimoja hakikumhusu. Wala wazee wenyewe hawakufikiri hivyo. Mtoto ni wa nyumba, na ugonjwa ni wa nyumba, wangetenganishwa na nani?

Damu ilimpanda kichwani hadi masikio yakaungua. Alisimama, akakaa, akasimama tena, akajikuta ameshika mkono wa daktari kwa nguvu.

"Subiri, subiri, usishangilie bado," alisema Daktari Leodgar, ingawa yeye mwenyewe alikuwa anashangilia waziwazi. "Kama mwanamume yule alikuwa ndugu wa Ryoba, tuseme mtoto wa kaka yake, tumerudi palepale. Lazima nijue alikuwa nani. Anajua nani?"

Marieta alicheka, mikono ikacheza pamoja na kicheko. "Anajua mama," alisema. "Na mama hasemi."

Ijumaa asubuhi walipanda lori la Danford. Alikuwa anamrudisha mama yake Bunda, akakubali kupitia Butiama. Tangu Musoma mpaka wanaacha barabara kuu Gati hakufunga mdomo. Alisema akikuta ni kweli atapika pilau ya soko zima, alisema Florian atashonewa koti jipya kabisa la mikono mirefu, alisema amwambie bibi hivi, hapana, amwambie vile. Marieta katikati yao alikuwa anaitikia. Danford alishika usukani kwa mikono miwili, macho barabarani, na Gati alikuwa na furaha iliyomzuia kuliona hilo.

Bibi Dafroza walimkuta juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, anaanika udaga. Miaka sabini na minne, mgongo umepinda kidogo, ulimi haujapinda. Aliwapokea vizuri mpaka Gati aliposema kilichomleta. Hapo akarudi kwenye mihogo yake.

"Baba yako ni ng'ombe kumi na mbili. Nilikwambiaga."

"Bibi, najua. Lakini daktari anasema…"

"Daktari alikuwepo? Alitoa hata mbuzi?" Aligeuza kipande cha muhogo ambacho kilikuwa kimekauka tayari. "Au umetumwa na yule mtu wa ziwani unayempunguziaga makoti? Anataka kujua ukoo wako? Mwambie ni wa Ryoba. Ukishajua jina lingine utaenda huko. Hii nyumba nitamwachia nani, kunguru?"

Basi hicho ndicho bibi alichokuwa anakiogopa. Gati alikuwa amejiandaa kwa ukali, hakuwa amejiandaa kwa hofu, na ile ya bibi ilimkata maini. Akafanya kile ambacho mikono yake ilikizoea. Alichomoa sindano kwenye kola, akatoa uzi mfukoni, akajaribu kuutunga palepale juani, mbele ya bibi. Haukupita. Akajaribu tena.

"Unafanya nini?" aliuliza bibi.

"Ndiyo nafanyaga hivi kila asubuhi, bibi. Tangu siku ile Bunda, uliposema ni ya baba yake. Naangalia kama imeanza. Ndiyo maana siolewi."

Bibi Dafroza alikaa. Alikaa juu ya udaga wake mwenyewe, vipande vikavunjika, asijali.

"Wewe unaogopa kutetemeka? Wewe?"

"Si mimi ni wa Ryoba?"

"Miaka tisa! Na hukuniuliza?"

"Nilikuulizaga. Ukanichapa na mwiko."

Bibi aliutazama mkono wake wa kulia, ule wa mwiko, akaufunika kwa kanga. Kisha akaanza kusema, na alivyoanza hakuweza kuacha.

"Nilimlisha Ryoba kwa mkono huu miaka tisa. Na mama yake Ryoba alikufaga hivyohivyo, nilimkuta wakati naolewa, anacheza kitandani. Nilipomuoa mama yako, shemeji zangu wakaja wamekaa hapo. Wananiambia, chukua mtoto wa kaka yake Ryoba, damu isitoke nje. Nikasema hapana. Nikawaambia damu hii nimeshailisha uji, naijua. Nikashuka mpaka gulioni Bunda, nikakaa siku nzima naangalia mikono ya wanaume."

"Mikono?"

"Uso nitaufanyia nini? Nikamuona mmoja anashona nyavu. Anaongea, anacheka, anaangalia wasichana, na mkono unashona wenyewe, haukosi jicho la wavu hata moja. Nikasema huyu. Lakini sikumwambia kwanza. Nikauliza kwao ni wapi, nikaenda kumuangalia baba yake. Mzee ana miaka themanini, meno hana. Akanimiminia uji kutoka kwenye kibuyu, kibuyu kimejaa, hakumwaga hata tone. Ndiyo nikarudi nikaongea na mwanawe."

Gati alikuwa amesimama mdomo wazi. Miaka kumi wataalamu wamehangaika, na bibi alikwenda gulioni!

"Bibi, wewe ulijuaje?"

"Sikujua kitu. Lakini nikitaka dume la kupanda ng'ombe wangu namuangalia na baba yake. Sasa kwa mtu ndiyo nisiangalie?"

"Alikuwa mtu wa wapi?"

"Wa ziwani."

Moyo wa Gati ulishuka mpaka kwenye kandambili. Ziwani! Akamwona Florian, akaona mikono yake, akaona pua yake, akajaribu kukumbuka kama pua ile inafanana na ya kwake. "Ziwani wapi, bibi? Suguti?"

Bibi alikung'uta unga wa udaga kwenye kanga, polepole, maana uzee haujamfundisha huruma katika kusimulia. "Guta," alisema mwishoni. "Kule Bunda. Aliitwa Stanislausi."

Hapo Gati alipiga kelele ambayo mbuzi wa jirani waliisikia. Alimwinua bibi, akamzungusha juu ya lile jiwe, na bibi akawa anampiga makofi ya begani amwachie, huku naye anacheka kwa sauti ambayo Gati hakuwahi kuisikia. Na yule Stanislausi? Alifariki mwaka wa vita vya Amini, alisema bibi, na miaka yake sitini, anashona nyavu mpaka wiki ya mwisho. Bibi alijuaje? Aliulizia. Kila mwaka alipokutana na mtu wa Guta gulioni aliulizia jambo moja tu: mikono yake ikoje?

"Kwa hiyo wewe huna hicho kitu," alisema bibi, akihema. "Nilikitoaga kwenye nyumba kabla hujazaliwa. Nilidhani unajua."

Gati akageuka kumwambia Marieta, na ndipo alipowaona. Danford alikuwa amechuchumaa kivulini kwa ukuta, anamnywesha mama yake maji, mkono mmoja umeshika kikombe, mwingine umeshika kidevu. Kucheza kote kukamwisha. Aliona aibu, aibu kubwa, ya mtu aliyekuwa anaimba msibani. Alimwendea akachuchumaa kando yake.

"Mbona umeacha?" aliuliza Danford.

"Danford, wewe je?"

"Mimi shilingi yangu bado iko hewani." Alifuta maji kwenye kidevu cha mama yake. "Ikianguka vibaya, nani atanishikia kikombe?"

"Mimi," alisema Gati. "Unafikiri nitaenda wapi? Bado mimi ni wa nyumba hii."

"Basi cheza, wewe. Mmoja wetu akitoka, mimi naona na mimi nimetoka kidogo."

Na Marieta, ambaye hakuna aliyemwuliza, akasema kwa kukatakata, "Mimi nachezaga kila siku. Njooni mnisaidie." Wakacheka mpaka Danford akamwaga maji, wakamcheka na yeye. Bibi hakucheka. Alikuwa anamtazama Gati tu, anasubiri. "Bibi," alisema Gati, "nikizaa mvulana ataitwa Ryoba." Bibi akauliza kama akiwa msichana je. "Ataitwa Ryoba vilevile, atazoea." Ndipo bibi akainama kuokota udaga wake uliovunjika.

Jumapili Gati alikwenda misa na hakusikia mahubiri hata neno moja. Baadaye alifungua mlango wa kibanda ingawa hakukuwa na kazi, akasimama mahali pake, akageukia mwanga, akafumba jicho moja. Uzi ukapita juu ya tundu. Akaulamba, akaulenga, ukapita pembeni. Mara ya tano akaanza kucheka peke yake. Mikono ilikuwa inatetemeka kuanzia kwenye viwiko, haishikiki, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa hakuhesabu.

Florian alitokea akiwa amevaa kile kizibao kilichokuwa koti. Alikuwa ameandaa maneno, ilionekana, maana midomo ilikuwa inayarudia njia nzima. Alipofika akaona ile mikono, maneno yote yakampotea.

"Gati, mikono yako inatetemeka," alisema kwa hofu. "Unaumwa?"

Swali hilohilo. Alikuwa ameliogopa miaka tisa, na kwa miaka minne aliliogopa kutoka kwenye mdomo huohuo. Gati alichukua mkono wake wa fundi, wenye oili ya mashine kwenye kucha, akauwekea sindano na uzi.

"Siumwi," alisema. "Naolewa. Nitungie."